Kishubaka cha sabuni ndani ya ukuta wa bafu: dawa kwenye plasta inatosha, au lazima utando?

Mkaanyumba:
Salaam wadau. Naomba msaada wa wanaoshika mwiko, na hata wale waliosimamia nyumba zao wenyewe hadi mwisho.

Bafu langu limeshapigwa plasta, vigae bado. Nataka kishubaka ukutani, sehemu ya kuogea, cha kuweka shampuu na sabuni, maana virafu vya waya vinaota kutu na kuchuruzisha rangi ya kahawia ukutani. Ukuta ni wa tofali za saruji zenye matundu, na nyuma yake ni chumba cha kulala. Hapo ndipo penye hofu yangu.

Mafundi wawili wamenipa kauli mbili. Wa kwanza anakata tundu, anapiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji, anabandika vigae, kwisha. Wa pili anasema nisipopaka utando wa kuzuia maji kabla ya vigae nitakuja kubomoa. Nimsikilize nani? Vigae vyangu ni 30 kwa 60 na nataka vilazwe.

MwikoMkali:
Mkuu, wote wawili wamerukia katikati ya kazi. Kabla ya dawa na utando kuna swali la tundu likae wapi, na jibu liko kwenye vigae vyako.

Grenda isiguse ukuta kabla hujauchora wote kwa penseli: kila safu ya vigae kuanzia chini, pamoja na nafasi za grauti (ule ujazo wa saruji kati ya kigae na kigae). Kisha pitisha kishubaka kianzie kwenye mstari wa grauti na kiishie kwenye mstari wa grauti. Vigae vinavyokizunguka vitabaki vizima. Anayekata tundu kwanza halafu ndiyo aanze kuhesabu vigae huishia na vipande vyembamba juu na chini, na vigae vilivyokatwa umbo la L kwenye kona. Kigae cha namna hiyo hupenda kupasuka palepale kwenye kona ya ndani.

Vigae vikilala, safu moja ni sentimita 30, basi kishubaka kilichokamilika kitakuwa na kimo hicho. Lakini usikate 30. Kila upande utaliwa na plasta, utando, gundi na kigae, jumla kama sentimita 2.5. Kata 35. Upana ukiwa nusu kigae, tena 35. Ukitaka upana wa kigae kizima ni 65, na hapo hesabu inabadilika, kwa sababu tofali lina urefu wa sentimita 40 hivi na tundu pana kuliko hapo linaziacha tofali za juu zikining'inia. Itabidi uweke lenta ndogo ya zege yenye nondo, iingie ukutani pande zote mbili. Ukuta ukiwa unabeba slabu, mwite mhandisi auone, usimsikilize mtu yeyote humu, mimi nikiwemo. Nguzo na bimu hazikatwi kabisa.

Tofali zako ni za inchi ngapi?

Mkaanyumba:
Inchi 6. Upana wa nusu kigae unanitosha. Kwani inchi zinaleta tofauti gani?

MwikoMkali:
Tofauti kubwa. Inchi 6 ni sentimita 15. Ukikata sentimita 10 kutoka uso wa plasta, kwa nyuma unapoteza zile 2.5, lakini kwa mbele unarudishiwa kama 1.5 za gundi na kigae cha ukutani. Unabaki na kina cha 9, chupa nyingi zinakaa vizuri. Nyuma kunabaki ubavu wa tofali wa upande wa chumbani, mwembamba sana, pamoja na plasta ya chumbani. Kwa hiyo mtu asije na nyundo kubwa. Akate mistari minne kwa grenda yenye diski ya almasi, kisha ang'oe kwa tindo taratibu, akipigia kuelekea katikati ya tundu, asielekeze nguvu chumbani.

Tofali zingekuwa za inchi 4 ningekwambia acha. Hapo ni afadhali kujenga ukuta wa pili mbele ya huo, ukaacha kishubaka ndani yake bila kukata chochote. Unapoteza nafasi kidogo lakini mabomba nayo yanapata pa kupita.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi: ukikata utakuta matundu ya tofali yamebaki wazi, yanashuka ndani ya ukuta. Yajaze zege, ya chini na ya pembeni. Tundu likiachwa wazi, tone lolote linalopenya linashuka nalo mpaka chini ya ukuta na kutokea mahali pengine kabisa, nawe utamlaumu fundi bomba asiye na kosa.

Angalia pia bomba linalopanda kwenda shawa, na njia ya waya za soketi ya chumbani. Kama una picha za ukuta kabla ya plasta, huu ndio wakati wake. Usikiweke kwenye ukuta unaopigwa na maji ya shawa moja kwa moja, ukuta wa pembeni ni bora. Sakafu ya kishubaka iwe kati ya mita 1 na 1.2 kutoka sakafu iliyokwisha vigae. Chagua mstari wa grauti ulio karibu na hapo.

BiPimamaji:
Mkaanyumba, wacha nijibu swali lako lenyewe. Fundi wa pili yuko sahihi. Wa kwanza hajakosea kutia dawa, amekosea kuishia hapo.

Dawa inayochanganywa kwenye plasta inapunguza kunyonya maji. Haizuii ufa. Na plasta ya kishubaka ndiyo inayopasuka kirahisi kuliko yote bafuni: ni mpya juu ya ya zamani, ni nyembamba, ina kona nyingi, na inavuta kila upande inapokauka. Nyufa zake ni za unywele, huzioni, ila maji yanaziona.

Halafu kuna imani kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji. Kigae cha porcelaini chenyewe hakinywi kitu, chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Tatizo liko kwenye viungo. Grauti ya saruji inapitisha maji. Ukiona grauti inabadilika rangi wakati wa kuoga, ujue imeshakunywa. Kinga ya kweli ni ule utando ulio nyuma ya kigae, na kigae ni vazi lake.

Utaratibu ninaousimamia ni huu.

Plasta ya ndani ya kishubaka ipigwe na mwinamo wake tayari. Sakafu ya kishubaka iinamie nje, milimita 3 hadi 4 katika kina cha sentimita 9. Mafundi wengi wanaacha plasta imelala sawasawa, wanakuja kuinamisha kigae kwa kuongeza gundi nyuma. Kwa macho inapendeza, lakini maji yanayopenya kwenye grauti yanakuta utando uliolala na yanakaa chini ya kigae. Grauti ya pale inabaki nyeusi siku zote, kisha kuvu. Mwinamo uwe kwenye plasta, utando uufuate, kigae kiufuate utando.

Kona za ndani zizungushwe kidogo kwa mwiko, zisiwe kali. Kona za nje zipigwe msasa zivunjike ukali, kwa sababu utando wa majimaji hukimbia kwenye ncha kali na kubaki mwembamba kama haupo. Kisha plasta iachwe ikomae, wiki mbili si nyingi.

Safisha vumbi kabisa, paka praima (koti la chini la kushikisha) kama bidhaa inaitaka. Koti la kwanza anza na kona, na likiwa bado bichi laza mkanda wa kitambaa katika kila kona ya ndani, ukandamize mpaka uzame, pasiwe na kiputo cha hewa. Zile kona nne za nyuma ambapo pande tatu zinakutana, weka kipande cha ziada. Hapo ndipo vitundu vya sindano hujificha. Koti la kwanza likikauka, la pili lipite kinyume na la kwanza: kama brashi ilikwenda mlalo, sasa iende wima.

Unene ndio utando. Aina ya saruji na polima inataka kama milimita 2 kwa makoti mawili. Ya mpira ni nyembamba zaidi, fuata chombo. Njia rahisi ya kumkagua fundi: chombo kinakwambia kilo ngapi kwa mita ya mraba. Piga hesabu ya eneo lako, kisha tazama kilichobaki kwenye ndoo. Ikibaki nusu ya ulichotegemea kutumia, hajapaka bado, amepitisha rangi tu.

Na tafadhali, utando usiishie kwenye mdomo wa kishubaka. Utoke nje, uungane bila kukatika na utando wa ukuta wote wa kuogea, mpaka chini unapokutana na wa sakafu. Kishubaka kilichopakwa vizuri katikati ya ukuta usiopakwa kinazungukwa na maji kwa nyuma.

Mzee wa Timazi:
Wanangu mnamtisha mwenzenu. Bafu tulizobandika zamani kwa saruji na mchanga tu bado zipo, hazijavuja. Hizi ndoo za mpira zimeletwa watu wauze.

BiPimamaji:
Shikamoo mzee. Sikatai kwamba zipo. Lakini ukuta uliosimama wima hauhifadhi maji, yanapita yanakwenda zake, na kinachopenya ni kidogo, kinakauka kabla ya safari nyingine. Kishubaka ni rafu. Maji yanatua, povu la sabuni linatua, chupa inakaa juu yake na kuzuia pasikauke. Tena ukuta umechimbwa, kwa hiyo kati ya maji na chumba cha kulala kuna sentimita chache. Kilichovumilika ukutani hakivumiliki hapo.

Mzee wa Timazi:
Marahaba. Hapo kwenye rafu nakubali. Basi nami niseme la kwangu: sakafu ya kishubaka msiiwekee vigae viwili vitatu. Wekeni kipande kimoja, cha jiwe au kigae kikubwa kilichokatwa kwa kipimo. Pasipo kiungo katikati hakuna grauti ya kunywa maji. Kichomoze nje ya uso wa ukuta milimita chache, na chini ya uchomozo piga mfereji mdogo kwa grenda, maji yadondoke yasirudi ukutani.

Kijana wa Saiti:
Mzee hapo umegonga. Swali dogo: nina lami ya maji ya kupaka juu ya paa imebaki, ile nyeusi. Inazuia maji vizuri sana. Siwezi kuitumia kwenye kishubaka?

BiPimamaji:
Usithubutu. Kuzuia maji inazuia, ila gundi ya saruji haishiki juu ya lami, na lami hubaki laini, inalegea kwa joto. Vigae vitashuka. Utando wa bafuni sharti uwe ule ulioandikwa kwamba unakaa chini ya vigae. Kwenye mifuko na ndoo nyingi utakuta alama EN 14891, kiwango cha Ulaya, ambayo ni kwa ajili ya hiyo hasa: CM ni wa saruji, DM ni wa majimaji wa kukauka, RM ni wa resini inayogangamaa kwa kemikali. Kwa fundi wa kawaida CM au DM.

Na silikoni pia isitangulie utando. Nimeona watu wanaziba kona kwa silikoni halafu wanapaka juu. Hakuna kinachoshika juu ya silikoni.

FremuZaMbao:
Sisi wenye kuta za fremu na ubao je? Kwangu hakuna tofali, ni mbao na bodi ya jipsamu.

MwikoMkali:
Kazi ya kukata ni nyepesi kwako, ya maji ni nzito zaidi. Kishubaka kinakaa kati ya mihimili miwili ya wima, usiikate mihimili. Unafunga vipande vya mbao juu na chini kupata boksi. Bodi ya jipsamu, hata ile ya kijani, ikinywa maji inakuwa uji. Sehemu yote ya kuogea iwe bodi ya saruji. Hiyo haiozi, lakini inapitisha maji, bado unahitaji utando juu yake, na maungio yafungwe kwa mkanda.

Chagua mahali pamoja pa kuweka kinga. Wapo wanaotandika nailoni nyuma ya bodi na kupaka utando mbele pia, wakidhani kinga mbili ni bora. Unyevu ukishaingia katikati hauna pa kutokea.

Kwenu pia kuna vishubaka vya povu gumu vilivyotengenezwa tayari, vina mwinamo wake, havinyonyi maji. Mimi navipenda. Havivuji katikati, vikivuja ni kwenye mdomo, pale vinapokutana na bodi, na kwenye vichwa vya skrubu. Hapo weka mkanda na utando kama kawaida. Ukitumia utando wa karatasi, ule unaokuja kama shuka la kubandika, badala ya wa kupaka, vipande vipandiane sentimita 5, na cha juu kilale juu ya cha chini kama bati za paa.

Mkaanyumba:
Nimeelewa, nakwenda na utando. Upande wa vigae vyenyewe, kuna cha kuogopa? Na kingo za mbele nimeambiwa nichague kati ya kukata nyuzi 45 au kuweka ukingo wa alumini.

MwikoMkali:
Gundi kwanza. Itumike ya unga wa saruji, daraja C2, yaani iliyoboreshwa ishike zaidi. Ile ya ndoo iliyokorogwa tayari usiiguse hapa: hukauka kwa hewa, na wewe umeibana kati ya utando usiopitisha na porcelaini isiyopitisha. Haitakauka sawasawa, na maji yakiifikia hulainika tena. Paka gundi ukutani kwa mwiko wa meno, na nyuma ya kigae pia paka nyembamba. Nyuma ya kigae pasibaki uwazi, maeneo ya maji yanataka gundi ishike angalau asilimia 95. Kigae cha kwanza kibandike, kisha king'oe ukitazame. Fundi anayekataa kukifanya hicho nina wasiwasi naye.

Mpangilio: vigae vya ukuta wa nyuma wa kishubaka kwanza. Kisha kile kipande kimoja cha chini alichosema mzee. Kisha pande mbili zisimame juu yake, kiungo kiwe chini ya kigae cha pembeni na si pembeni ya kigae cha chini. Dari ya kishubaka iwe ya mwisho, na itegemezwe kwa vijiti mpaka ishike, itaanguka ukiiacha.

Kona za ndani zote, pale upande mmoja unapokutana na mwingine, usiweke grauti. Acha wazi milimita 2 au 3 ujaze silikoni ya bafuni yenye kinga ya kuvu. Pande hazitembei pamoja, grauti itapasuka. Kama umetumia jiwe, chukua silikoni isiyo na harufu ya siki, ile ya siki hula na kutia doa mawe mengine.

Kingo: nyuzi 45 ni maridadi, lakini ncha ikiachwa kali kama kisu itameguka kwa kugongwa na chupa. Isugue kidogo ibaki na bapa la milimita moja. Kama fundi wako hana mkono wa hiyo kazi, na wengi hawana, weka alumini bila aibu. Ila usimruhusu aipigilie msumari au skrubu kupitia utando. Ukingo unashikwa na gundi ya kigae tu.

BiPimamaji:
Naongeza kitu kimoja kabla hajabandika. Jaribu utando wenyewe. Sakafu ya bafu tunaijaza maji kwa saa 24, kishubaka huwezi kukijaza hivyo. Utando ukishakauka kabisa, zima taa, mulika tochi kwa ubavu, ukiegemeza mwanga ukutani. Kitundu cha sindano kinatoa kivuli. Tia alama kwa chaki, paka tena hapo. Kisha mwagia sakafu ya kishubaka kikombe cha maji. Yakitoka yote yenyewe, mwinamo upo. Yakibaki kidimbwi, rekebisha sasa, bado hujapoteza kitu.

Mama Wawili:
Samahani kuingilia. Kwetu kishubaka kipo tangu tulipohamia, na rangi ya upande wa pili inatoka malengelenge na unga mweupe. Nikijaza silikoni mpya kwenye kona zote itasaidia?

BiPimamaji:
Dada, huo unga mweupe ni chumvi za saruji, maji yanazibeba yanapotoka ukutani. Silikoni mpya itapunguza kwa muda, na itafunga ndani maji yaliyokwishaingia. Kwanza hakikisha si bomba: funga koki ya shawa na uache kuoga hapo kwa siku kadhaa, lakini bomba libaki na shinikizo. Rangi ikiendelea kulowa, mwite fundi bomba. Ikikauka, ni kishubaka.

Kama ni kishubaka, vigae vya ndani ya kishubaka vitoke vyote, pamoja na safu moja ya ukutani inayokizunguka, ili utando mpya upate pa kushika nje ya mdomo. Ukiondoa vigae vya ndani peke yake, utando mpya utaishia palepale pa zamani. Tofali ziachwe zikauke kabla ya kupaka chochote, feni ielekezwe hapo, na rangi ya chumbani ikwanguliwe ili ukuta upumue kwa upande ule.

Mama Wawili:
Na vigae hivyo havitengenezwi tena. Safu ya kuzunguka nitaipata wapi?

Mzee wa Timazi:
Usivitafute, mama. Weka vya rangi nyingine kabisa kwa ndani na kwa ile safu ya kuzunguka, kama fremu. Kikifanana nusu kitaonekana kiraka, kikitofautiana kabisa kitaonekana ulipanga. Na safu hiyo itolewe kwa kukata grauti kwanza pande zote kwa grenda ndogo, ndipo tindo iingie. Ukianza na tindo utaondoka na majirani zake.